Ibn al-Haytham: Mwanachuoni wa nuru aliyeukubali mpaka wa mto

Ijumaa ya leo tunamkumbuka mmoja wa wanazuoni waliotangulia, ambaye kazi yake ingali inatumika kila siku na watu wengi wasiolijua jina lake. Huyo ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham, bingwa wa hesabu, falaki na elimu ya nuru, ambaye Wazungu wa zama za kati walimwita Alhazen.

Tumeamua kuisimulia sira yake huku tukiwatazama hasa ndugu zetu wa Kibiti na wa delta ya Rufiji, na tunazo sababu mbili. Sababu ya kwanza ni mto. Ibn al-Haytham alipata kuitwa kutoka mbali aje kuutawala mto mkubwa, na watu wa Rufiji wanajua zaidi ya wengine maana ya kuishi kwa rehema ya mto na kwa ghadhabu yake. Sababu ya pili ni homa. Mzazi wa Mbwera, Salale au Maparoni anayempakia mtoto wake kwenye mtumbwi usiku kwa ajili ya homa anataka kujua jambo moja tu: je, ni malaria au si malaria? Jibu la swali hilo, pale linapotafutwa kwa hadubini, linategemea elimu ambayo msingi wake uliwekwa na mtu huyu miaka elfu moja iliyopita.

KUZALIWA NA ELIMU YAKE

Ibn al-Haytham alizaliwa Basra, katika ardhi ya Iraki, yapata mwaka 354 Hijiria, sawa na 965 Miladia. Basra ya wakati huo ilikuwa bandari ya biashara na mji wa elimu. Meli zilitoka hapo kwenda Bara Hindi na pwani zetu hizi, na ndani ya mji walikuwapo mafakihi, wanasarufi, wanafalsafa na wanahesabu. Inapokewa kwamba alipata kushika kazi ya serikali katika nchi yake, lakini moyo wake ulikuwa katika kusoma, naye akajitenga na shughuli za watawala.

Alisoma vitabu vya Wayunani vilivyokwisha kutafsiriwa kwa Kiarabu: Euclid katika jometri, Ptolemy katika falaki na Galen katika tiba. Lakini hakuwa msomaji wa kukubali kila alichokisoma. Baadaye aliandika kitabu kizima cha kuonesha mashaka yake juu ya Ptolemy, na humo akaeleza kuwa mwenye kuitafuta haki hapaswi kuwaamini waliotangulia kwa sababu tu ya ukubwa wa majina yao, bali apime maneno yao kwa hoja na ushahidi, na aitilie shaka hata fahamu yake mwenyewe. Huo ndio uliokuwa mwenendo wake mpaka mwisho wa umri wake.

Wala hakuitenga elimu hii na dini yake. Miongoni mwa maandishi yake mengi imo risala ya kukokotoa upande wa Qibla kwa hesabu, jambo linalomhusu kila anayejenga msikiti, awe Baghdad au Ikwiriri.

SAFARI YA MISRI

Kisa kilicho mashuhuri zaidi katika maisha yake kimepokewa na mwanahistoria Ibn al-Qifti, aliyefariki mwaka 646 Hijiria (1248). Anasimulia kuwa habari zilimfikia al-Hakim, mtawala wa Kifatimi wa Misri, kwamba yuko mtu Basra anayesema kuwa lau angekuwa Misri angeufanyia Nile kazi ya kuwafaa watu katika hali zake zote mbili, ya kujaa na ya kupungua. Al-Hakim, aliyetawala kati ya mwaka 386 na 411 Hijiria (996 hadi 1021), alimpelekea mali na kumwita. Alipowasili, mtawala mwenyewe alitoka kumlaki nje ya mji wa Kairo, akamkirimu, kisha akamtaka atimize ahadi yake.

Ibn al-Haytham akaondoka na kundi la mafundi kuelekea kusini, wakiufuata mto. Njiani aliyaona majengo ya watu wa kale wa Misri, jinsi yalivyopimwa na kusimamishwa kwa ustadi mkubwa. Hapo moyo wake ukaanza kusita. Aliwaza kuwa watu waliokuwa na elimu ya namna ile, lau kazi hii ingewezekana, wasingeiacha. Aliendelea hata akafika mahali paitwapo al-Janadil, kusini ya Aswan, ambapo maji ya Nile hushuka kati ya miamba. Akalichunguza eneo lile pande zote mbili, akapima, akatafakari, na akakubali kwamba kwa zana za wakati wake kazi ile haiwezekani. Akarejea Kairo akiwa mnyonge, akamwomba radhi mtawala.

Hapa tusimame kidogo. Mtu huyu alikuwa amepokea mali na heshima, na alikuwa mbele ya mtawala aliyejulikana kwa kubadilika ghafla na kuua hata watu wake wa karibu. Njia nyepesi ingekuwa kuanza kujenga chochote, kutumia mali na miaka, na kuwaachia wengine lawama. Yeye alichagua kusema ukweli wa kipimo.

Historia nayo ikaja kumthibitishia mambo mawili kwa pamoja. Wazo lake halikuwa la kipuuzi, kwani bwawa la kwanza la Aswan lilikamilika mwaka 1902 na Bwawa Kuu mwaka 1970, katika eneo lile lile la kusini. Na hukumu yake nayo ilikuwa sahihi, kwani ilihitajika karne tisa za elimu na zana kabla ya jambo hilo kuwezekana.

Ndugu zetu wa Rufiji wameishuhudia sehemu ya kisa hiki kwa macho yao. Bwawa la Julius Nyerere katika korongo la Stiegler, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2019 na maji yakaanza kujazwa Desemba 2022, limejengwa na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, likiwa na mitambo ya megawati 2,115. Wajukuu wa nchi ile iliyomwita mtu wa Basra wamekuja kuufunga mto wetu. Hata hivyo, mvua za Aprili 2024 zilileta mafuriko makubwa Rufiji na Kibiti, yakafunika mashamba na kuwatoa watu katika nyumba zao. Mto una neno lake, na mhandisi mwema ni yule anayelisikiliza kabla ya kuahidi.

NYUMBA YA KIZUIZI

Turudi Kairo. Al-Hakim hakumdhuru wakati ule, bali alimpa kazi katika ofisi za serikali. Ibn al-Haytham aliipokea kwa hofu. Inasimuliwa kuwa alipoona hana njia ya kujinasua, alijifanya amepotewa na akili. Mali yake ikawekwa chini ya waangalizi, naye akafungiwa katika nyumba yake. Akabaki katika hali hiyo mpaka al-Hakim alipotoweka mwaka 411 Hijiria (1021), na hapo akadhihirisha kuwa akili yake ilikuwa timamu muda wote. Wapo watafiti wa zama hizi wanaokichukua kisa hiki kwa tahadhari, lakini ndivyo kilivyotufikia.

Baada ya kuwa huru alihamia karibu na mlango wa Msikiti wa al-Azhar, akaishi maisha ya kawaida kabisa. Riziki yake ilitoka katika kalamu. Kila mwaka alinakili kwa mkono vitabu vya hesabu na falaki, kikiwemo kitabu cha Euclid na kile cha Ptolemy kiitwacho al-Majisti, akaviuza kwa dinari 150, na hizo zikamtosha mwaka mzima. Muda uliobaki aliutumia katika ibada, kufundisha na kuandika.

Mwandishi al-Bayhaqi amepokea kisa kingine kinachoonesha tabia yake. Amiri mmoja wa Simnan, jina lake Surkhab, alikuja kutaka kusoma kwake. Ibn al-Haytham alimtaka alipe dinari mia moja kila mwezi, naye akakubali na kulipa kwa miaka mitatu. Siku ya kuagana, mwalimu alimrejeshea mali yake yote. Akamweleza kwamba alitaka tu kuijaribu nia yake, na kwamba kufundisha kheri hakuchukuliwi ujira.

KITABU CHA MANADHIR

Kazi yake kubwa ni Kitabu al-Manadhir, chenye makala saba, alichokiandika katika kipindi chake cha Misri. Swali alilolikabili linaonekana jepesi: tunaonaje? Euclid na Ptolemy walishikilia kuwa jicho hutoa miale inayokwenda kuvigusa vitu. Wengine walidai kuwa vitu hutoa sura zake zikaingia machoni. Ibn al-Haytham aliyaweka madai yote kwenye mizani. Alitaja kuwa mtu akilitazama jua jicho lake huumia, na akitazama kitu chenye mwanga mkali kisha akageukia mahali pa giza huendelea kuiona alama yake. Basi kitu kinatoka nje kuingia jichoni, wala hakitoki jichoni kwenda nje. Akaeleza kwamba kila nukta ya kitu chenye mwanga hutawanya nuru kwa mistari iliyonyooka kuelekea pande zote, na kuona hutokea nuru hiyo inapolifikia jicho.

Hakutosheka na hoja za maneno. Alitengeneza chumba cha giza, al-bayt al-mudhlim kwa Kiarabu, chenye tundu dogo. Nje ya tundu aliweka taa kadhaa, kila moja mahali pake. Ndani, juu ya ukuta, yakaonekana mabaka ya mwanga kwa idadi ya zile taa. Alipoikinga taa moja, likatoweka baka moja tu, lile lililokuwa limeelekeana nayo kwa mstari ulionyooka, alipoiachia, likarejea. Kwa jaribio hilo jepesi alionesha kuwa nuru za taa mbalimbali hupita katika tundu moja bila kuchanganyika wala kupotezana. Jaribio hili mwalimu wa Bungu anaweza kulirudia leo kwa mishumaa mitatu na boksi lililotobolewa.

Katika makala ya saba aliandika juu ya kupinda kwa nuru inapotoka hewani kuingia katika maji au kioo, na akaeleza jinsi kitu kinavyoonekana kikubwa kikitazamwa kupitia kioo chenye umbo la tufe. Hakuunda miwani wala hadubini, na tusimzulie asichokifanya. Lakini kanuni ya kukuza kitu kwa kioo kilichovimba aliiweka mezani ili wengine waichukue.

TUNDU NA HILALI

Risala yake nyingine inahusu umbo la nuru wakati wa kupatwa kwa jua. Wasomaji wengi wanakumbuka Septemba 1, 2016, watu walipokusanyika Rujewa, Mbeya, kulishuhudia jua likipatwa. Siku kama hiyo, mwanga unaopenya kwenye tundu dogo la bati huchora sakafuni hilali badala ya duara. Ibn al-Haytham alijiuliza kwa nini iwe hivyo, na kwa nini tundu likiwa pana hilali hupotea na kubaki baka la mviringo tu.

Jibu lake lilikuwa kwamba kila sehemu ya tundu huchora hilali yake. Tundu likiwa dogo, hilali hizo huangukiana karibu mahali pamoja na umbo likabaki; tundu likiwa pana, hutawanyika na kufunikana hata umbo likafutika. Kwa hiyo ubora wa sura unafungamana na upana wa tundu, na jambo hilo linaweza kukokotolewa. Tunaomba msomaji alishike jambo hili la tundu, kwani tutakutana nalo tena mbele.

KUTOKA BASRA HADI HADUBINI

Kitabu al-Manadhir kilitafsiriwa kwa Kilatini yapata mwisho wa karne ya 12 au mwanzo wa karne ya 13. Huko Ulaya kilisomwa na Roger Bacon na Witelo, kikachapishwa Basel mwaka 1572, na Kepler akajenga juu yake. Upande wa Mashariki, Kamal al-Din al-Farisi alikiandikia sharhe na kukitumia kueleza upinde wa mvua. Katika karne ya 17 Robert Hooke na Antonie van Leeuwenhoek wakavitazama viumbe vidogo kwa lenzi. Mwaka 1880, katika mji wa Constantine nchini Algeria, daktari Mfaransa Alphonse Laveran akakiona kimelea cha malaria ndani ya damu ya mgonjwa. Kati ya mwaka 1897 na 1898 Robert Koch alikuwa Dar es Salaam, naye akiitazama damu ya wagonjwa kwa hadubini.

Kisha likaja swali la mpaka. Je, hadubini inaweza kuboreshwa bila mwisho? Mwaka 1873 Ernst Abbe wa Jena, Ujerumani, alionesha kuwa haiwezekani, kwa sababu nuru yenyewe ni mawimbi. Mtu akisimama Nyamisati usiku na kuzitazama karabai mbili za wavuvi zilizo mbali sana, ataona taa moja. Zikisogea ndipo atatambua kuwa ni mbili. Uwezo huo wa kutambua viwili kuwa ni viwili ndio unaoitwa uwezo wa kupambanua. Kanuni ya Abbe inasema kuwa umbali mdogo kabisa unaopambanuliwa ni urefu wa wimbi la nuru ukigawanywa kwa mara mbili ya kipimo cha upana wa pembe ambayo kwayo lenzi huikusanya nuru.

Tuchukue mfano. Nuru ya kijani ina urefu wa wimbi wa nanomita 550 hivi. Lenzi kali ya maabara, inayotiwa tone la mafuta, ina kipimo cha pembe cha 1.25. Hapo mpaka ni nanomita 220, yaani chini kidogo ya robo ya mikromita. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 7 hadi 8, na kimelea kichanga cha malaria kinachofanana na pete kina takribani mikromita 1 au 2. Kwa hiyo kinaonekana, lakini hakuna nafasi ya uzembe. Lenzi ikichafuka, au rangi ikitiwa vibaya, pete hiyo hupotea machoni.

HADUBINI YA KIHOLOGRAMU

Lenzi kali ni ghali na huona eneo dogo sana kwa wakati mmoja. Mwaka 1947 mhandisi Dennis Gabor, mzaliwa wa Budapest aliyefanya kazi Rugby, Uingereza, akiwa katika juhudi za kuiboresha hadubini ya elektroni, alipata fikra mpya. Badala ya kupambana na kasoro za lenzi, aliona bora kuliandika wimbi lenyewe. Picha ya kawaida huandika ukali wa mwanga tu, na kuacha habari ya wapi wimbi limepanda na wapi limeshuka. Ukitupa mawe mawili katika maji yaliyotulia, viwimbi vyake hukutana na kufanya mistari. Anayeisoma mistari hiyo anaweza kujua mawe yaliangukia wapi. Gabor aliyaacha mawimbi yaliyopita kwenye kitu yakutane na mawimbi safi, akaiandika mistari ya makutano hayo, akaiita hologramu. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1971, akafariki mwaka 1979.

Mwaka 1994 Wajerumani Schnars na Jüptner waliirekodi hologramu moja kwa moja kwenye kihisi cha kamera na kuiacha kompyuta ikokotoe sura. Hapo ikapatikana hadubini ya kihologramu ya kidijitali, ambayo inaweza hata kukosa lenzi: chanzo cha nuru, tundu, sampuli, kihisi na hesabu. Anayetaka iwe na uwezo bora kabisa wa kupambanua hutazama mambo manne.

Jambo la kwanza ni rangi ya nuru. Wimbi fupi hupambanua vizuri zaidi, na ndiyo maana nuru ya zambarau ya nanomita 405 hushinda nyekundu.

La pili ni pembe. Tuseme nusu ya upana wa kihisi ni milimita 3, na umbali kutoka tunduni hadi kwenye kihisi ni milimita 4. Kwa pembetatu ya Euclid, mstari wa mshazari ni milimita 5, na kipimo cha pembe ni 3 kwa 5, yaani 0.6. Kwa nuru ya zambarau mpaka unakuwa nanomita 338 hivi, na pete ya malaria iko ndani ya uwezo huo. Lakini kihisi hicho hicho kikiwekwa umbali wa milimita 40, mpaka unapanda hadi karibu mikromita 2.7, na ile pete hupotea. Kifaa ni kile kile na bei ni ile ile. Kilichobadilika ni mpangilio tu.

La tatu ni tundu. Nuru lazima itoke katika tundu dogo sana, linalokaribia urefu wa wimbi lenyewe. Likiwa pana, mistari ya hologramu hufunikana na kufutika. Hii ni ile ile hilali ya Ibn al-Haytham.

La nne ni pikseli za kihisi. Kila mstari unahitaji pikseli zisizopungua mbili, wa mwanga moja na wa giza moja. Kwa kuwa mistari huwa myembamba kuliko pikseli, wabunifu huisogeza sampuli karibu sana na tundu ili mistari itanuke kabla ya kufika, au husogeza chanzo cha nuru kidogo kidogo na kuchukua picha nyingi zinazounganishwa kwa hesabu. Ni kazi bure kuboresha moja kati ya manne na kuyaacha mengine, kwani kifaa hufuata kilicho dhaifu kuliko vyote.

Faida yake ni kuwa chembe zilizo angavu huonekana hata bila rangi, kwa kuwa huchelewesha wimbi, na eneo kubwa hutazamwa kwa mara moja. Mwaka 2010 kundi la Aydogan Ozcan, mhandisi mwenye asili ya Uturuki huko Los Angeles, lilionesha hadubini ya namna hii isiyo na lenzi ikiwa imefungwa kwenye simu ya mkononi. Kwa zahanati zetu bado si kifaa cha kawaida, lakini mlango uko wazi.

PEMBA, BAGAMOYO NA RUFIJI

Wala elimu hii haiko mbali nasi. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Pemba kwa sampuli 199 za choo za watoto wa shule. Watafiti walibandika tufe dogo la kioo, la milimita 3, mbele ya kamera ya simu na kutafuta mayai ya minyoo. Tufe la kioo la makala ya saba lilikuwa sasa mfukoni mwa mtu. Kwa jumla simu ilitambua takribani asilimia 69 ya walioambukizwa. Kwa minyoo mikubwa ya mviringo ilifika asilimia 81, lakini kwa minyoo ya safura ilipata asilimia 14 tu. Watafiti waliyaandika yote mawili, mazuri na mabaya. Huo ni uungwana ule ule wa al-Janadil.

Mfano mwingine ni hadubini ya OpenFlexure, iliyobuniwa Uingereza, ambayo sehemu zake nyingi huchapwa kwa plastiki. Imetengenezwa pia Dar es Salaam na Bongo Tech and Research Labs, na kujaribiwa kwa malaria pamoja na Taasisi ya Afya Ifakara huko Bagamoyo. Ndiyo taasisi hiyo ambayo imewahi kuwafuatilia wananchi wa Rufiji, kaya kwa kaya, ili kujua watu wanaugua na kufa kwa nini. Hesabu zile za Rufiji zimesaidia mipango ya afya ya taifa zima.

KUFARIKI KWAKE NA MAZINGATIO

Ibn al-Haytham alifariki Kairo yapata mwaka 430 Hijiria, sawa na 1039 Miladia au muda mfupi baadaye. Hakuacha kasri. Aliacha maandishi karibu mia moja, mengi yakiwa yamepotea. Mwaka 2015, Mwaka wa Kimataifa wa Nuru uliotangazwa na Umoja wa Mataifa, ulimwengu ulimkumbuka kwa kutimia miaka elfu moja ya kitabu chake.

Ndugu wasomaji, tunayo mazingatio matatu. La kwanza ni kutojenga juu ya dhana. Mtoto akipata homa, si kila homa ni malaria, na si kila isiyo malaria ni ya kupuuzwa. Kumpa dawa iliyobaki nyumbani bila kipimo ni kuhukumu bila shahidi. Kipimo cha haraka kipo katika zahanati, na hadubini ipo katika vituo vikubwa. Mzazi adai kipimo kabla ya dawa, na asichelewe kwa kungoja homa ishuke yenyewe.

La pili ni ukweli juu ya mpaka. Mtaalamu wa maabara asiyeona vizuri kwa sababu lenzi imeharibika, akaandika kuwa hakuna vimelea, amemdhulumu mgonjwa. Kusema kuwa chombo hiki hakiwezi ni sehemu ya amana, hata kama wa kuambiwa ni mkubwa.

La tatu linawahusu watoto wetu. Aliyekokotoa upande wa Qibla ndiye aliyepima nuru katika chumba cha giza, na hakuona kuwa kazi moja inaibatilisha nyingine. Kijana wa Kibiti, wa kike na wa kiume, anayetoka madrasa jioni na kufungua daftari la fizikia usiku, anatembea katika njia iliyokwisha kukanyagwa. Tusimwambie achague kati ya viwili ambavyo wanazuoni wetu walivikusanya. Hesabu ya pembetatu tuliyoitaja hapo juu ni ya kidato, na kwa hesabu hiyo mtu anaweza kujua kama chombo kitaiona pete ya malaria au hakitaiona.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn al-Haytham na wanazuoni wetu wote waliotangulia, awape afya wagonjwa wetu wa bara na wa visiwani, awalinde watu wa delta na shari ya maji, na awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa. Amin. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.